Toleo la Mwisho la Macho ya Ngao

Siku ya kumi na moja tangu nianze kazi katika karakana ya macho ya Singida, mtu mmoja alipiga simu kutoka Manyoni akasema nyanya za mke wake zimegeuka buluu.

"Nyanya tu?" Mama Mughwai alimuuliza.

"Nyanya, pilipili, na kanga ya shemeji yangu."

"Anga je?"

Tukasikia mlango ukifunguliwa upande wa pili. "Anga limeiva kama papai," akasema. "Nilidhani ni vumbi."

"Usitoke barabarani, baba. Nakutumia toleo jingine sasa hivi." Akakata simu, akanigeukia bila kutazama skrini yoyote. "Winfrida, mstari wa mia tatu na kumi na mbili. Umeandika nyekundu, kijani, buluu. Mfumo wa Kozi huanza na buluu."

Nilifungua faili. Ulikuwa mstari wa mia tatu na kumi na mbili.

Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yenye alama za juu, nikijiona nimefika. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akasubiri nisahihishe, na nilipomaliza akasema, "Hilo ni kosa la watu wa kazi hii. Sasa umeingia kazini."

Watu wengi hudhani jicho ni jicho. Homa ya vumbi ilipopita mikoa ya kati na kuacha maelfu gizani, macho ya kupandikiza yaliletwa kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na mtengenezaji wake: kwanza Ngao, halafu Kozi, mwisho Lulu. Kila aina ina mfumo endeshi wake, na mifumo hiyo haielewani. Jicho lenyewe hupokea mwanga tu. Kinachougeuza mwanga kuwa picha ni programu ya michoro, na hiyo ndiyo kazi yetu. Tunaiandika mara moja, kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma, kisha tunaikompaili mara tatu. Yaani msimbo ule ule tunaugeuza kuwa amri za mashine, kila mara kwa namna ambayo mfumo mmojawapo utaielewa. Kozi huanza na buluu. Lulu huhesabu mistari ya picha kutoka chini kwenda juu. Ukilisahau hilo, mtu anaona wageni wake wakitembea darini. Ngao ndiyo ya zamani kuliko zote, na uwezo wake ni mdogo kiasi kwamba kila amri ya ziada unaisikia kama mzigo mgongoni mwa mtu mwingine.

Mama Mughwai alipofuka akiwa tayari fundi mwenye jina. Madaktari walipomwita kwa upandikizaji, aliwaomba jicho la kushoto liwe Ngao na la kulia liwe Kozi. Walidhani homa bado iko kichwani. Lakini yeye alijua anachotaka: kuwa mtu ambaye anaziona kompaili mbili za programu moja kwa wakati mmoja. Nimemwona akifanya kazi mara nyingi, na sijazoea. Anafunika jicho moja kwa kiganja, anatazama kikombe, anafunika la pili, anatazama tena, kama fundi cherehani anayelinganisha mikono miwili ya shati moja. Kisha anakwambia ni mstari gani.

*

Kampuni iliyotengeneza Ngao ilifungwa zamani. Iliacha ufunguo mmoja wa kutia muhuri, na bila muhuri jicho la Ngao halipokei programu yoyote. Tulijua mwaka mzima kabla kwamba ufunguo huo ungekwisha muda wake Ijumaa moja, saa sita kamili mchana. Programu ya zamani nayo ingekoma saa hiyo hiyo. Kwa hiyo toleo litakalotiwa muhuri kabla ya hapo ndilo litakalobaki ndani ya macho hayo siku zote. Hakuna atakayelisahihisha, hata kosa likionekana dakika moja baadaye. Na lisipotiwa muhuri, watu mia nne na kumi na wawili wangerudi gizani.

Mmoja wao alikuwa Mama Mughwai, kwa jicho la kushoto.

Programu yetu mpya ilikompailika kwa Ngao bila kosa hata moja. Ilikuwa nzito tu. Picha ilichelewa karibu theluthi ya sekunde. Inaonekana ni muda mdogo mpaka umimine chai: unaona kikombe kimefika nusu, kumbe mezani kumeshalowa. Kwa mtu anayevuka barabara, lori analoliona liko mbali limeshamfikia.

Ndipo nikaandika kibashiri. Kilinichukua miezi tisa. Badala ya kusoma nukta zote za mwanga, Ngao ingesoma chache, na zilizobaki programu ingezijaza yenyewe kwa kubashiri, kutokana na vitu ambavyo jicho limeshawahi kuviona. Nyuso ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote. Jicho likishatambua mahali pa macho na mdomo, uso wa mtu unayemjua unachorwa kutoka kwenye kumbukumbu. Wa mtu mgeni unachorwa kwa kufuata nyuso nyingine. Ucheleweshaji ukaisha. Picha zikatoka nyororo, zenye rangi, nzuri kuliko hata za Lulu.

Mama Mughwai alifunga jicho la kulia kwa kitambaa kutwa nzima. Alimimina chai. Alichomeka nyaya. Alisoma maandishi madogo kwenye kalenda ya ukutani. Kisha akafungua kitambaa, akakikunja taratibu.

"Nimeandika programu miaka thelathini na miwili," alisema. "Sijawahi kuandika kitu kama hiki."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

Hapa karakana tuna utaratibu unaoitwa kutazamana. Kila toleo, kabla halijatoka hata kwa majaribio, mtumiaji mmoja anakuja na mtu wake wa karibu. Wanakaa uso kwa uso, na mtumiaji anaueleza uso ule kwa sauti, kana kwamba anamweleza mtu aliye upande wa pili wa simu. Mama Mughwai aliuanzisha mwaka ule wageni walipotembea darini. Safari hii mimi ndiye niliyesema tuuahirishe. Ilikuwa msimu wa mavuno ya alizeti, watu wana kazi. Tuwape watano toleo la majaribio, watupigie simu tu, na kutazamana tutafanya siku ya muhuri. Alinitazama kidogo, akakubali, kwa sababu alikuwa ameshakipenda kibashiri changu.

Miezi miwili simu zilizotufikia zilikuwa za sifa tupu.

*

Ijumaa ya muhuri, saa tatu asubuhi, alikuja Swalehe Mnyambi, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, mmoja wa wale watano. Ni mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, baba. Alizeti?"

"Zinatoa. Na wewe binti, Mungu akupe mume asiyekoroma. Tangu mniwekee hili toleo naona mpaka mafuta yanawaza nini."

"Haoni mafuta tu," alisema mwanamke aliyeingia nyuma yake. "Anaona na vyombo ambavyo sijaosha."

Huyo alikuwa Mwantumu, mke wake. Alikuwa amejitanda kanga kichwani, na alipoishusha niliona. Upande wa kushoto wa uso wake, kuanzia chini ya jicho hadi kwenye taya, ngozi ilikuwa imeungua. Ilikuwa imeanza kupona, imekunjamana katikati na kuwa ya waridi kwenye kingo. Nilitazama pembeni, kama adabu inavyotaka.

Tuliwaketisha kwenye viti viwili karibu na dirisha. Mama Mughwai akasimama nyuma ya Mwantumu.

"Haya, baba. Uliyekaa naye ni nani, na uso wake ukoje?"

"Nikikosea nitakula wapi leo?"

"Hotelini," akasema Mwantumu.

Swalehe akacheka, akajiweka sawa. "Huyu ni Mama Siwema. Ni mweusi wa kung'aa. Macho makubwa, yanayokutangulia kujua ulichofanya. Ana mwanya hapa mbele. Huo ndio ulioniponza. Kwenye nyusi ya kulia ana alama, aliangukia jiwe utotoni."

Mwantumu alikuwa anatabasamu.

"Mashavu?" Mama Mughwai aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ile, lakini mkono wake ulishika mgongo wa kiti.

"Mashavu mazuri. Laini, kama siku nilipomwoa."

"Yote mawili?"

"Yote mawili, Fundi. Kwani anayo matatu?"

Tabasamu la Mwantumu lilibaki kidogo pale lilipokuwa, kama mtu aliyesahau kuondoka, kisha likaondoka. Alimtazama mume wake kwa namna ambayo nilitamani nisiwepo.

Mama Mughwai alizunguka mbele yao. Alifunika jicho la kulia, akamtazama Mwantumu kwa lile la Ngao. Akafunika la kushoto, akamtazama kwa la Kozi. Alifanya hivyo mara tatu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilijaribu mahali ninapopajua, kwa vitu ninavyovijua. Karakana hii haijabadilika miaka tisa. Kibashiri kilipatia kila kitu kwa sababu hapakuwa na kitu kipya cha kukosea."

Nilitaka kusema kosa ni langu mimi.

"Baba," akamwambia Swalehe, "mke wako ameungua usoni."

"Wapi?" Alinyoosha mkono. Mwantumu akarudisha kichwa nyuma.

*

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika hamsini.

"Tukiondoe," nilisema. "Turudishe toleo zito. Angalau halisemi uongo."

"Litawaua," alisema Mama Mughwai. "Watu mia nne wanavuka barabara wakiona magari yalipokuwa, si yalipo. Huo pia ni uongo, tena unaoua upesi." Aliketi mbele ya kompyuta yangu, akaanza kugonga meza kwa kidole kimoja. "Kila nukta tunaipa namba ngapi?"

"Nne."

"Zitaje."

"Nyekundu, kijani, buluu, na ya uangavu."

"Uangavu unafanya nini?"

"Unasema nukta ionekane kwa kiasi gani, na kiasi gani kiachwe ili kilicho nyuma yake kipenye."

"Ndani ya jicho la Ngao, nyuma ya picha kuna nini?"

Nilifikiri. Namba ya nne ilitoka kwenye skrini za kompyuta, ambako unaweka dirisha juu ya dirisha. Programu yetu iliirithi kutoka kwa maktaba za michoro za zamani. Kozi na Lulu huitumia kuweka maandishi juu ya picha. Ngao haina maandishi. Miaka yote tulikuwa tunaibeba kwenye kila nukta ya kila picha, ikiwa tupu.

"Hakuna kitu," nilisema.

"Basi tuipe kazi."

Akaanza kuandika. Nimesoma msimbo wa watu wengi. Kuna msimbo wa werevu, kuna msimbo wa kujionyesha, kuna ule ambao unajua kabisa mwandishi alikuwa na njaa. Wa Mama Mughwai nikiusoma huwa nasikia mtu anaongea taratibu na mgonjwa. Aliandika mistari arobaini na mmoja kwa dakika ishirini na tano, na hakufuta hata mmoja. Namba ya nne sasa ilibeba uhakika. Nukta iliyotoka kwenye mwanga wenyewe ilipewa uhakika kamili, ikabaki na rangi yake. Nukta iliyobashiriwa ilinyang'anywa rangi kwa kadiri ilivyobashiriwa, mpaka ikawa majivu. Haikuongeza hata chembe ya uzito, kwa sababu mzigo ule tulikuwa tunaubeba tayari.

Kisha akaenda kwenye kibashiri changu, akabadilisha mstari mmoja tu: karibu nukta zote tulizokuwa tunazisoma huku na huku, akazikusanya katikati ya picha, zikiwa zimebanana, akaacha mojamoja pembeni za kunasa mtikisiko.

"Katikati wataona kweli tupu," alisema. "Duara la rangi, kama sahani ukiishika kwa mkono ulionyooka. Pembeni majivu. Kitu kikitikisika kwenye majivu watakiona kimetikisika, wageuze sahani wakitazame. Majivu yanawaambia: hapa nadhani tu."

Mistari arobaini na mmoja na mmoja. Mimi nilikuwa nimehangaika miezi tisa kulifundisha jicho kubashiri vizuri. Yeye alilifundisha kukiri, kabla chai haijapoa.

Swalehe alikuwa anasikiliza, mikono juu ya magoti.

"Fundi," alisema, "nielewe vizuri. Kuanzia leo mchana nitaona sahani moja, na dunia iliyobaki ni jiko lililozimwa?"

"Ndiyo, baba."

"Mpaka nife."

"Mpaka upate macho mengine."

"Ambayo foleni yake unaijua." Alisugua magoti yake. "Basi niwekeeni kitufe. Anayetaka majivu akae na majivu. Mimi nikibonyeza, nipate picha yangu ya sasa."

Mama Mughwai akanigeukia. "Kitufe ni mistari mingapi?"

"Miwili."

"Kibashiri ni chako, na saini kwenye muhuri itakuwa yako. Uamue wewe."

"Mama, mimi ni—"

"Mimi jicho langu limo humo. Siwezi kujiamulia mwenyewe nikajifanya nawaamulia wengine." Alisimama, akaniachia kiti.

Niliketi. Niliandika ile mistari miwili. Nakiri nimeiandika, na kwa haraka, kwa sababu ilikuwa njia ya kutoka. Mtu mzima aamue kuhusu jicho lake mwenyewe, nani atanilaumu? Na kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa aibu. Ndani ya kitufe kile kibashiri changu kingeendelea kuishi kama nilivyokiandika, kizuri, na rangi zake zote.

Swalehe aliniona natulia, akadhani nasita. "Binti, nilikaa gizani miaka minne. Nilikuwa nakula bila kujua nakula nini. Mmenirudishia dunia, na ni nzuri. Nikitaka kubaki na hiyo nzuri, namkosea nani?"

"Mimi," alisema Mwantumu.

Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Jicho ni lako, Baba Siwema. Uso ni wangu."

"Mama Siwema, sijasema uso wako mbaya. Nasema—"

"Unasema ukibonyeza, mimi niondoke, akae mwingine kwenye kiti changu. Huyo wa siku uliyonioa. Akupikie yeye, basi. Mwambie akufulie."

Nilirudi kwenye skrini. Nilikuwa nimelifikiria jicho siku zote kama kitu cha mwenye kuona. Nikawaona watu mia nne na kumi na wawili, na mbele ya kila mmoja mtu anayetazamwa: mama aliyekonda, rafiki aliyeota mvi, mwendesha baiskeli ambaye jana hakuwepo pale barabarani. Hao hawakuwa kwenye orodha yangu. Hao hawakupiga simu za sifa.

Nikafuta ile mistari miwili. Nikaifuta na sehemu yote ya kibashiri iliyochora nyuso, ili asije mtu akaifufua.

"Umefuta?" Mama Mughwai aliuliza.

"Nimefuta."

"Washa maonyo."

Kikompaili kikikuta kosa, kinagoma. Kikikuta jambo la kutilia shaka, hutoa onyo na kuendelea, na sisi vijana huwa tunayazima maonyo kwa sababu yanajaza skrini. Niliyawasha kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika kibashiri. Yalitoka kumi na tisa. Tuliyasoma moja moja, yeye akifunika jicho moja na kisha jingine, nami nikirekebisha. Saa tano na dakika arobaini tukakompaili upya. Hakukutoka kitu. Skrini ilikaa tupu, na alama ya kuandikia ikawa inawaka na kuzima peke yake.

Nilitia muhuri saa sita kasoro dakika nane. Mfumo uliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikajibu mara mbili.

*

Saa sita kamili macho ya Ngao yalizimika yote, kwa muda wa pumzi mbili. Mama Mughwai alishika ukingo wa meza. Swalehe alishika hewa. Kisha nikaona mboni za macho yake zikitikisika, zikarudi.

Simu ya karakana haikulia. Tuliisubiri wote wanne.

Mama Mughwai alifunika jicho la kulia, akageuza kichwa polepole, kutoka dirishani, kupita kwenye rafu za nyaya, mpaka kwangu. "Majivu mengi," alisema. "Lakini wewe nakuona. Umechoka." Alisogea akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Jicho lake lile lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya dunia dakika moja iliyopita, kwa mikono yake mwenyewe na yangu, na hakulisema hilo, wala hajalisema hadi leo.

Swalehe alisogeza kichwa kama mtu mwenye tochi kwenye ghala lisilo lake. Alitazama ukuta, kalenda, viatu vyangu. Kila mahali alikaa kidogo, kisha akahama.

"Mmenipa sahani kweli," alisema. Hakukuwa na shukrani katika sauti yake, na sikuitarajia.

Halafu akageukia kiti cha mke wake. Alianzia juu, kwenye ukingo wa kanga. Akashuka kwenye paji la uso, kwenye nyusi yenye alama, kwenye jicho la kulia, akavuka pua. Nilijua alipofika, kwa sababu alisimama.

Mwantumu hakujifunika.

"Lini?" Swalehe aliuliza.

"Wiki tatu sasa. Mafuta yaliruka kutoka kwenye karai."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kiwandani."

"Na niliporudi?"

"Ulisema nyumba inanuka dawa."

"Nilisikia harufu," alisema taratibu. "Nilikutazama, nikaona huna kitu. Sikuuliza."

"Nilikuletea chai, nikakaa mbele yako. Nikasema ngoja aone mwenyewe, nisianze mimi. Ukanitazama sana. Ukasema, leo umependeza."

Swalehe alishusha macho, akayarudisha pale pale haraka, kama anaogopa kupapoteza.

"Wiki tatu," Mwantumu akasema, "sijui kama ulikuwa unanihurumia au unanicheka. Nilikuja hapa leo ili nijue."

Swalehe akainua mkono, akausimamisha hewani karibu na shavu la mke wake. "Niguse?"

"Bado panauma."

Akaushusha mkono gotini. Lakini kichwa hakukigeuza. Dirisha, sisi, na mji wote nje vilikuwa majivu kwake wakati ule, na rangi yote aliyobakiwa nayo aliiweka pale kwenye kovu, akaendelea kulitazama.